Somo: Kupika mchicha na mnafu bila kumwaga vitamini C

Naandika mara moja tu. Wa inboksi msome hapa.

1. Nunua asubuhi, Tengeru siku za soko au Mbuyuni pale Moshi. Majani yakinyauka yameshapoteza vitamini C.

2. Osha majani yakiwa mazima.

3. Katakata ukiwa tayari kubandika.

4. Hapa hata mimi nilikuwa naharibu. Vitamini C inayeyuka kwenye maji, joto na hewa vinaimaliza. Ukichemsha kwa maji tele, ukakamua na kumwaga, antioksidanti nyingi (viini vinavyokinga seli za mwili zisiharibiwe, vitamini C ikiwemo) zimekwenda na yale maji. Mchicha hauhitaji maji: matone ya kuoshea yanatosha, funika, dakika 3 hadi 5. Mnafu mchungu uwekee kikombe kimoja, na vitunda vya kijani vitoe vyote, vina sumu. ONYO: magadi hapana! Yanalainisha na kung'arisha mboga, ila yanaharibu vitamini C. Yapeleke kwenye makande.

5. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kwa fungu. Beta-karotini (ile ya kwenye mboga ambayo mwili unaigeuza vitamini A) bila mafuta mwili unaifyonza kidogo sana.

6. Limau ukishaipua.

Nyanya ni kinyume: likopini yake (antioksidanti inayoipa wekundu) inafyonzwa vizuri zaidi ikipikwa na mafuta.

MASWALI

— Mkuu, mafuta kiasi gani?
Namba 5.

— Magadi kidogo tu, ncha ya kijiko?
Onyo limeandikwa kwa herufi kubwa. Ukitaka mboga laini, chuma majani machanga.

— Mzee wangu anavuta sigara. Nimnunulie vidonge vya beta-karotini?
Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Usinunue. Finland waliwapima wanaume wavutaji zaidi ya 29,000. Matokeo ya 1994 yakaonyesha kuwa waliomeza miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza. Jaribio la Marekani likasimamishwa mapema, 1996, kwa sababu hiyo hiyo. Inadhaniwa dozi kubwa ikikutana na moshi inageuka yenyewe kuwa ya kudhuru. Mchicha wa sahani haumfikishi huko, mpe tu. Na sigara aache.

— Na chai je, si nayo ina antioksidanti?
Inazo, ila hizo hizo zinashika madini ya chuma ya mboga yasifyonzwe. Kunywa saa moja baada ya kula, hasa mjamzito.

— Sisi nyumbani tunaweka parachichi badala ya mafuta.
Safi kabisa, nusu linatosha. Likate mwisho na ulipake limau, lisije likageuka jeusi.