Ona kwanza, ndipo ushukuru: kuongoza shule ya Montessori wakati wa janga

Shule ikifungwa kwa sababu ya ugonjwa, barua ya kwanza kwa wazazi usiianze na shukrani. Anza na habari: shule imefungwa kuanzia lini, ada itakuwaje, mwalimu wa mtoto atapatikana kwenye simu saa ngapi, barua nyingine itatoka siku gani. Mzazi mwenye hofu akikutana na aya mbili za "tunawashukuru kwa ushirikiano wenu" kabla ya habari anayoitafuta, ataziruka. Na asipoziruka zitamuudhi. Mimi ni mkuu wa shule ya Montessori, ambako mtoto hujifunza kwa kazi za mikono anazojichagulia na mwalimu humwangalia zaidi ya kumhutubia, na nilikuwa kwenye kiti hicho Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima. Haya nayaandika kwa ajili ya mkuu mwenzangu ambaye zamu ijayo itamkuta.

Shukrani ina nafasi yake, tena kubwa. Ila ni kazi, na ina utaratibu. Bahati nzuri utaratibu wenyewe sisi wa Montessori tunao tayari, tunautumia kwa watoto kila siku.

Daftari la uangalizi, safari hii la watu wazima

Mwalimu wetu amezoea kukaa pembeni na daftari, akaandika anachokiona mtoto anafanya, bila kukichanganya na anachokidhani. Wafanyie hivyo wafanyakazi wako. Kila siku kabla hujafunga ofisi, au hujazima kompyuta kama unafanyia kazi nyumbani, andika mambo mawili matatu uliyoyaona: nani, alifanya nini, wapi. Kisha chagua moja, umpelekee mwenyewe siku hiyo hiyo. Ukiona sentensi ya "nakushukuru kwa..." haimaliziki kwa kitendo, usiitume. Maneno kama kujituma, moyo na ari hayamwambii mtu kwamba umemwona.

Mfano ninaoupenda ni wa dada wa usafi. Tulipokuwa tunajiandaa kufungua, kila kifaa kilitakiwa kusafishwa, na vifaa vyetu havikutengenezwa kwa ajili ya dawa kali. Mbao ikilowekwa hufura, rangi ikipigwa klorini mara kwa mara hubabuka, na herufi za msasa, ambazo mtoto huzipapasa kwa vidole ili kujifunza kuandika, ukizilowesha msasa unaanza kubanduka kwenye kibao. Yeye herufi aliziweka kando kwenye kabati zikae siku kadhaa bila kuguswa na mtu. Mnara wa waridi, yaani michemraba ya mbao ambayo mtoto huipandanisha kuanzia mkubwa hadi mdogo, aliufuta mchemraba kwa mchemraba kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa vizuri, akaianika ile michemraba kumi juu ya shuka kwa mpangilio wake, kuanzia wa sentimita kumi hadi wa sentimita moja. Hakuna aliyemwagiza kuipanga. Nilimwandikia hayo hayo: michemraba, shuka, mpangilio. Kesho yake aliniuliza kwa nini mchemraba mdogo ni wa sentimita moja kamili, tukakaa chini nikamfanyia somo lote la mnara. Huyo sasa ndiye anayewafundisha wageni wa idara yake namna ya kushika vifaa.

Angalia pia wale ambao kamera ya mkutano wa mtandaoni haiwafikii. Mwalimu anayeonekana kwenye skrini atashukuriwa na wazazi hata ukinyamaza. Mlinzi anayepima joto getini asubuhi, mhasibu anayempigia mzazi mwenye deni na kumuuliza hali ya mgonjwa kabla ya kutaja pesa, hao wana wewe tu.

Usigeuze shukrani kuwa zawadi

Wakuu wengi wakitaka kuinua ari huanzisha mfanyakazi bora wa mwezi. Katika shule yetu hilo lingekuwa kichekesho. Maria Montessori, daktari aliyeanzisha mfumo wetu na kufungua shule yake ya kwanza, Nyumba ya Watoto, huko San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, aliacha tuzo na adhabu baada ya kuwaangalia watoto wenyewe. Anasimulia kuhusu mtoto aliyevishwa nishani ya msalaba kwa tabia njema, na mwenzake aliyekalishwa kitini kama adhabu. Nishani ikamdondoka yule wa kwanza akiwa anahangaika na kazi zake, na wala hakujali. Yule aliyeadhibiwa akaiokota, akaivaa yeye, akabaki kwenye kiti chake ameridhika. Aliyekuwa na kazi hakuwa na haja ya nishani.

Wakati wa janga jambo hili lina uzito zaidi. Mwalimu mmoja ana mtandao mzuri na chumba tulivu. Mwingine anarekodi somo usiku kwa simu ya kuazima huku akimuuguza mama mkwe. Ukimtangaza wa kwanza kuwa bora, umemwambia wa pili kwamba ugonjwa wa nyumbani kwake ni upungufu wake. Shukrani ya kitendo haimpangi mtu juu ya mwenzake. Itume kwa aliyefanya, faraghani. Ya hadharani uombe ruhusa kwanza, wapo watu wanaona haya kweli kweli.

Mahali pa kunyamaza

Shukrani hailipi mshahara. Kama itabidi mishahara ipunguzwe, sema kwa tarakimu, sema mapema, anza na wako, na usitie neno la shukrani ndani ya mkutano huo. Wafanyakazi wana haki ya kukasirika bila kupakwa mafuta. Siku nyingine, kwa jambo lingine, utashukuru.

Na aliyefiwa hapewi orodha ya baraka. Mpe pole, mpe likizo, mtafutie wa kumshikia darasa. Shuleni kwetu nilipiga marufuku ile desturi ya kuanza kila kikao kwa kila mtu kutaja anachoshukuru, kwa sababu niliona kwenye skrini mwalimu aliyetoka kuzika akitafuta cha kusema ili zamu impite. Anayetaka kushukuru ataandika kwenye ubao wa pamoja kwa wakati wake, asiyetaka haulizwi.

Mzazi analalamika? "Asante kwa maoni yako" ni kumfukuza kwa adabu. Mwambie umebadilisha nini kutokana na malalamiko yake, au kwa nini hutabadilisha.

Wazazi: wape kazi ya kuangalia

Watoto wa miaka mitatu hadi sita hawajifunzi Montessori kwa kutazama skrini, na usipoteze muda kuwarundikia karatasi za mazoezi. Waombe wazazi rafu moja ya chini mtoto anayoifikia, sinia, jagi dogo, kitambaa. Kumimina, kukunja, kufagia, kufua leso, kunawa mikono: kunawa lilikuwa somo letu, lenye hatua zake, kabla dunia haijakumbushwa.

Kisha waombe jambo gumu: wakae dakika kumi wamtazame mtoto akifanya kazi bila kumsaidia wala kumsifu, halafu wakutumie sentensi moja ya walichokiona. Mwanzoni utapokea "anaendelea vizuri". Mrudishie swali: alifanya nini kwa mikono? Baadaye zitakuja kama hii: "Ameikamua leso, akaona bado inachuruzika, akairudia, akaianika." Hapo una cha kumshukuru mzazi kikweli, maana amekuonyesha mtoto ambaye wewe huwezi kumwona. Mwalimu anahifadhi sentensi hizo kwenye kumbukumbu za mtoto, na darasa likifunguliwa anajua aanzie wapi.

Watoto wenyewe

Mtoto asisukumwe na "sema asante!" mbele za watu. Adabu na heshima tunazifundisha kwa kuigiza, watu wazima wawili wakionyesha polepole, mtoto akijaribu akiwa tayari. Barakoa ikifunika mdomo, onyesha upya: unasogea kwa umbali unaofaa, unamtazama machoni, unataja jina, ndipo unashukuru kwa sauti inayosikika.

Kwa wa miaka sita hadi kumi na miwili kuna somo linalofaa mno nyakati hizi. Vita vya pili vya dunia vilimkwamisha Montessori India, alikofika mwaka 1939 akiwa na miaka 69, na akabaki huko hadi 1946. Ni huko ambako yeye na mwanawe Mario waliyakuza masomo yanayomwonyesha mtoto jinsi kila kiumbe na kila mfanyakazi anavyomtegemea mwingine. Tunayo michoro ya utegemezi huo, mfanyakazi mmoja katikati na mishale kwenda kwa wengine. Wewe chukua karatasi kubwa, katikati chora kipande cha sabuni. Waulize: kimefikaje kwenye sinki? Watataja muuza duka, dereva, mtu wa kiwandani. Usikimbilie kuwasaidia. Kikundi kimoja kilikwama kwa dereva mpaka binti mmoja akauliza nani alitengeneza barabara, na barabara ikawatoa kwa wachimba kokoto, fundi wa magari, muuguzi aliyemtibu fundi, mtu wa maabara, mzoa taka wa hospitali. Mishale ikazidi karatasi, wakaiunganisha nyingine kwa gundi. Baada ya hapo kila mtoto achague mtu mmoja wa mnyororo huo amwandikie barua. Barua ziende kweli, zisiishie ukutani.

Siku ya kufungua

Acha maputo na hotuba. Watoto wanahitaji kukuta rafu zilipo na mikeka ilipo. Mkeka wa sakafuni, unaoonyesha mpaka wa kazi ya kila mtoto, utakusaidia kuweka nafasi kati yao kuliko mistari ya utepe. Kila kifaa darasani ni kimoja tu, kwa hiyo kusubiri zamu wamezoea. Ongeza hatua moja, ya kifaa kufutwa kabla hakijarudi rafuni, na uwaachie wakubwa wawafundishe wadogo. Makundi yasichanganyike kama ugonjwa bado unazunguka.

Zitakuwapo familia ambazo hazikurudi na walimu walioondoka, wengine kwa hasira. Waandikie hao pia, kwa utaratibu ule ule wa daftari. Mwalimu umtajie alichokifanya. Familia uirudishie michoro ya mtoto na kumbukumbu zake za kazi, zimkute mwalimu mpya. Deni la ada, kama lipo, liwe na barua yake peke yake, siku nyingine, kutoka kwa mhasibu.