Jinsi ya kuinyoosha makala ya sheria za Hammurabi mkiwa wengi

Kama mko watu wanne hivi hapa Mombasa na mwataka kuinyoosha makala ya sheria za Hammurabi kwenye Wikipedia ya Kiswahili, msikimbilie kubonyeza Hariri. Anzeni na ukurasa wa majadiliano, muandike pale mwataka kugusa nini na nani atashika wapi, manake wawili wakihariri sehemu moja wakati mmoja mabadiliko yanagongana na kazi ya mmoja yaweza kupotea hivi hivi. Na kila mtu awe na akaunti yake.

Kugawana nashauri hivi: mmoja achukue historia ya mfalme Hammurabi, mwengine jiwe lenyewe zilipochongwa sheria, wa tatu sheria, na wa nne asiandike kitu kabisa, kazi yake kukagua tu. Huyu ndo muhimu kuliko wote. Anasoma sentensi moja moja anauliza hii imetoka wapi, isiyo na chanzo hapiti nayo, hata kama imeandikwa vizuri vipi na hata kama mwandishi ni rafiki yake.

Historia haisumbui sana. Hammurabi alitawala Babeli takriban 1792 hadi 1750 KK, jiwe ni jeusi, refu kama mita 2.25, Wafaransa wa Jacques de Morgan walilichimbua Susa, Iran, mwaka 1901, padre Jean-Vincent Scheil akatoa tafsiri 1902, na sasa liko Louvre, Paris. Wekeni vyanzo, songeni mbele.

Kazi iko kwenye sheria. Kuna makosa mawili utayakuta kila mahali. La kwanza eti hizi ndo sheria za kwanza duniani, na sio, za Ur-Nammu, mfalme wa Uru, zimetangulia kwa karne tatu na zaidi. La pili ni jicho kwa jicho kwa watu wote, na hili laniuma kwa sababu linaficha jamii yenyewe ilivyokuwa. Sheria ya 196 ni ya muungwana aliyemtoa jicho muungwana mwenzake. Nenda ya 198, aliyetolewa jicho ni mtu wa chini, basi mkosaji analipa mina moja (kipimo cha uzani cha kale) ya fedha. Ya 199, ni mtumwa wa mtu, mkosaji analipa nusu ya thamani ya mtumwa huyo. Ziwekeni zote tatu pamoja kwenye makala, msomaji aone mwenyewe jicho la nani lilikuwa na bei gani.

Halafu ile idadi ya sheria 282, msiiandike kavu kavu. Hiyo ni hesabu ya Scheil, sehemu ya jiwe ilifutwa zamani kwa hiyo akaacha pengo la 66 hadi 99, baadhi ya zilizokosekana zikaja kupatikana kwenye nakala za vigae vya udongo. Sentensi mbili zatosha kulieleza hilo.

Mifano chagueni inayoingia akilini kwa msomaji wa pwani. Ya 235 yasema fundi akitia chombo kalafati vibaya na mwaka huo huo kikaonyesha kasoro, akifumue na kukitengeneza upya kwa mali yake. Mkishaandika mpeni fundi wa majahazi aisome, atawaambia palipo na neno lisilokaa. Yeye wa lugha tu lakini, chanzo kibaki kitabu.

Msibandike kutoka mashine ya kutafsiri, wala msinakili tafsiri mpya zenye hakimiliki. Ya Robert Francis Harper ya 1904 ni huru, ila ya kizamani, kwa hiyo ilinganisheni na za wataalamu wa baadae.

Kila mkihifadhi andikeni kifupi mmebadili nini. Na akija mtu akafuta kazi yenu msirudishe papo hapo, muiteni kwenye majadiliano kwa heshima, mumuonyeshe namba ya sheria na ukurasa wa kitabu, mumsubiri ajibu. Akiwa na chanzo bora kuliko chenu, sentensi yake ndo ibaki.