Kumtazama Robert Altman kwa Masikio ya Barazani

Aliyezoea kukaa barazani Mji Mkongwe baada ya sala ya isha, wawili wakibishana juu ya mpira, mmoja akiulizia bei ya karafuu, wengine wakipiga dhumna na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, ameshajifunza nusu ya kazi ya kutazama filamu za Robert Altman. Barazani hakuna anayengoja zamu ya kusema, na msikilizaji hodari hajaribu kudaka kila neno, bali huchagua pa kuliweka sikio lake na kulihamisha pale anapohisi kwamba maneno ya upande wa pili yamenoga. Mwongozaji huyu wa Marekani, aliyezaliwa Kansas City mwaka 1925 na kufariki mwaka 2006, alitengeneza filamu zinazomtaka mtazamaji wa namna hiyo.

Jambo la kwanza ni kuacha kumtafuta steringi. Wengi wetu tumekulia kwenye sinema za Kihindi na za mapigano, ambamo tangu mwanzo tunamjua mtu asiyekufa, na macho humfuata yeye hadi mwisho. Nashville, filamu ya mwaka 1975, ina wahusika wakuu 24 wanaopishana kwa siku tano katika mji wa muziki wa jimbo la Tennessee, na hakuna hata mmoja aliyepewa filamu iwe yake. Usijitaabishe kuyashika majina yote. Chagua watu wawili au watatu waliokuvutia katika mkusanyiko wa uwanja wa ndege mwanzoni, uwafuate hao, na wengine waache wapite kama wapitavyo watu sokoni Darajani siku ya kuamkia sikukuu. Watarudi wenyewe.

Jambo la pili ni sauti, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mara ya kwanza nilipoitazama filamu hiyo niliongeza sauti mara tatu, nikaamini kwamba spika ya kompyuta yangu imeharibika. Kumbe Altman aliwavalisha waigizaji maikrofoni zao wenyewe na kuzirekodi sauti zao katika mikondo mbalimbali, ili baadaye aweze kuipandisha sauti ya huyu na kuishusha ya yule, huku wote wakisema kwa pamoja. Kwa hiyo tumia visikizi au chumba kilichotulia, na ukiwa na maandishi yaonyeshayo maneno chini ya skrini, yatumie kwa hadhari, kwa sababu maandishi hukuchagulia sauti moja na kuziacha nyingine. Zile nakala zenye mfasiri anayesimulia juu ya filamu hazifai kabisa kwa kazi hii.

Jambo la tatu, nalo ndilo tamu kuliko yote, ni kuwatazama wanaosikiliza badala ya anayesema. Katika Nashville, mwimbaji anayeigizwa na Keith Carradine anapanda jukwaani katika klabu ndogo na kuimba wimbo wa mapenzi, na humo ukumbini wamo wanawake wanne, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kudhani kwamba ameimbiwa yeye. Kamera haina haraka. Inawapitia, kisha inamkuta mama mmoja aliyeketi nyuma kabisa, uso wake umetulia, naye ndiye aliyepatwa. Mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa tukio hili. Tumeona katika taarab jinsi fumbo linavyotupwa ukumbini, mmoja akainuka kwenda kutunza huku macho yake yakienda kwingine, na wote waliomo wakajua neno limemwendea nani pasi na jina kutajwa. Litazame tukio hilo mara mbili: kwanza kwa ajili ya wimbo, ambao Carradine aliutunga mwenyewe na ukamletea tuzo ya Oscar, kisha kwa ajili ya nyuso peke yake, hata ukipenda kwa kuizima sauti.

Wimbo huo unatufikisha kwenye suala la ubunifu wa papo hapo, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kukosa mpango. Muswada wa filamu ulikuwepo. Joan Tewkesbury aliuandika baada ya kwenda Nashville na kuweka shajara ya aliyoyaona. Lakini waigizaji waliruhusiwa kuongeza na kubadilisha, na Ronee Blakley aliyaandika mwenyewe maneno ya mwimbaji anayepotewa na fikra mbele ya hadhira. Mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, akiachiwa nafasi ya kupiga peke yake hutembea atakavyo, ila hatoki nje ya maqamu, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo umejengwa juu yake. Kila unapohisi kwamba tukio limerefuka bila sababu, jiulize maqamu yake ni yapi: katika Nashville mara nyingi ni gari la kampeni lenye vipaza sauti, linalozunguka mji mzima likihubiri siasa ambazo hakuna anayezisikiliza.

Kuhusu pa kuanzia, ningeshauri Gosford Park ya mwaka 2001, kwa kuwa yote hutokea katika jumba moja la Uingereza, mabwana juu na watumishi chini, na siri za juu hutufikia kupitia masikio ya watumishi. Mauaji yamo, lakini ukijishughulisha mno na muuaji utaikosa filamu. A Wedding ya mwaka 1978, yenye wahusika 48 katika harusi moja, inatukaribia kwa maudhui, ingawa kwangu mimi imejaa kupita kiasi. Short Cuts ya mwaka 1993 ni nzuri sana, lakini si ya kutazamwa mbele ya wazee, na hata Nashville ina tukio moja la kumfanya mtu aombe ruhusa ya kwenda kuchemsha chai.

Tazameni pamoja mkiwa watu watatu au wanne, kisha kila mmoja aisimulie filamu aliyoiona yeye. Mkigundua kwamba hamkusikia maneno yale yale pale uwanja wa ndege katika Nashville, rudisheni nyuma muanze upya.