CCNA: sabneti kwanza, tena kwa kalamu

Kwa wanaojiandaa na CCNA 200-301, mtihani wa Cisco wa mitandao ya kompyuta, hapa Mombasa: muda ni dakika 120, na swali ukishalipita huwezi kulirudia. Basi sabneti, yaani vipande vidogo vya mtandao, zisikulie muda. Zifanye kwa kalamu bila kikokotoo, 20 kila siku, hadi moja ichukue chini ya nusu dakika.

Chukua 192.168.10.77/26. /26 ni biti 26 za mwanzo za anwani, zinazotaja mtandao; maski yake ni 255.255.255.192, 256 toa 192 ni 64, kwa hiyo sabneti zinaanzia 0, 64, 128 na 192. 77 imo kwenye ile ya 64: brodikasti, anwani ya kuvifikia vifaa vyote, ni 127, na vifaa vinapata 65 hadi 126, yaani anwani 62. Wengi hujibu 64 kwa kusahau kutoa ya mtandao na ya brodikasti.

Kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ping (jaribio la kuona kama kifaa kinafikika) ikigoma, tazama kwanza intafesi ya rauta: huja imezimwa, mpaka uandike no shutdown. Amri ya network kwenye OSPF, itifaki ya rauta kupeana njia, nayo hutaka maski iliyogeuzwa, yaani kila namba itolewe kwenye 255. Kwa /26 ni 0.0.0.63. Na hifadhi kazi mara kwa mara, stima hupotea bila hodi.

Unayetoka Likoni kufanyia mtihani kisiwani, chukua nafasi ya mchana. Foleni ya feri asubuhi inachosha kabla hujaona swali la kwanza.