Jinsi ya kuandika draiva ya Linux inayoamsha mashine iliyolala

Tuseme unaandika draiva (kodi inayoendesha kifaa) ya kitufe au chipu ndogo iliyokaa kwenye I2C (waya za kuongea na chipu ndogo) ya bodi ya ARM, na unataka iamshe mashine ikiwa imelala. Wengi hapa wanaita enable_irq_wake(), inayoruhusu intarapti (ishara ya kifaa kuita prosesa) iamshe mashine, ndani ya probe (kazi inayoitwa draiva ikikutana na kifaa chake) halafu wanafunga kazi, betri inaisha usiku na mwenye mashine hajui nani kaimaliza. Hiyo sio njia yake.

Kwenye probe unachofanya ni kutangaza uwezo tu: device_init_wakeup(dev, true). Hapo kerneli (kiini cha Linux) inaweka faili la power/wakeup kwenye sysfs (mafaili ya mipangilio yaliyo chini ya /sys), na mwenye mashine anaandika humo enabled au disabled anavyotaka, uamuzi ni wake sio wa draiva. Kama bodi inatumia devicetree (faili linaloeleza vifaa vya bodi) angalia kwanza alama ya wakeup-source ipo au haipo, maana sio kila bodi imeunga ule waya kwenye mguu unaoweza kuamsha prosesa.

Kuwasha wake (ile ruhusa ya kuamsha) kwenyewe kunafanyika kwenye suspend (kazi inayoitwa mashine ikienda kulala), hivi, p ikiwa ni data ya draiva yako:

if (device_may_wakeup(dev))
    p->wake_on = !enable_irq_wake(p->irq);

na kwenye resume (inayoitwa mashine ikiamka):

if (p->wake_on) {
    disable_irq_wake(p->irq);
    p->wake_on = false;
}

Hiyo wake_on usiiruke, kwa sababu enable_irq_wake() inaweza kukataa kama chipu ya intarapti haijui kuamsha, na wewe ukiizima bila kuwa umeiwasha kerneli itakulalamikia kwenye dmesg (kumbukumbu zake) na Unbalanced IRQ <namba> wake disable. Hutaki kuyashika yote haya kwa mkono? Ipo dev_pm_set_wake_irq(dev, irq), inakufanyia yenyewe. Na tafadhali usitumie bendera ya IRQF_NO_SUSPEND unapoomba intarapti ukidhani ndo inaamsha, hiyo inaacha intarapti iendelee kufanya kazi wakati vifaa vingine vinalazwa, haikuhakikishii kabisa kwamba mashine itaamka.

Sasa sehemu ngumu, na mimi naona ndo hapa draiva nyingi zinafeli. Mtu amebonyeza kitufe wakati mashine iko njiani kulala, bado haijalala. Handla yako (kazi inayoitwa intarapti ikija) inaitwa kama kawaida, tukio linamezwa, halafu mashine inaendelea zake kulala na yule mtu anaona skrini nyeusi wakati amebonyeza kabisa. Dawa ni kuita pm_wakeup_event(dev, 500) ndani ya handla, yaani unaiambia kerneli kuna tukio la kuamsha na isilale kwa milisekunde 500 ili programu za juu zilipate. Ila jua kwamba hii peke yake inazuia usingizi pale tu programu inayolaza mashine imetumia /sys/power/wakeup_count, utaratibu ulioingia toka kerneli 2.6.36 mwaka 2010: inasoma namba, inairudisha, kama kuna tukio limeingia katikati uandishi unakataliwa. Ukitaka usingizi ukatishwe bila kutegemea hilo tumia pm_wakeup_hard_event(). Kazi ikiwa ndefu na hujui itaisha lini, pm_stay_awake() mwanzo na pm_relax() mwisho, kwenye kila njia ya kutokea, hata ile ya hitilafu.

Kingine cha I2C. Mashine ikiamka, intarapti zinafunguliwa kabla resume yako haijaitwa na mara nyingi kabla kontrola ya I2C haijaamka, kwa hiyo handla yako inakimbilia kusoma rejista, usomaji unafeli, tukio limepotea. Angalia sec-core.c (kwenye kerneli mpya ni sec-common.c) na max77686.c kwenye drivers/mfd ya kodi ya kerneli, wao wanafanya enable_irq_wake() na kisha disable_irq() kwenye suspend, halafu kwenye resume wanageuza, wanazima wake na kufungua intarapti, kwa hiyo lile tukio lililosubiri linashughulikiwa basi la I2C likiwa tayari liko macho. Fuata hivo hivo.

Vifaa vya PCI sitavikalia sana, kerneli yenyewe inashughulikia PME (ishara ya PCI ya kuamsha) kwa draiva za kawaida, wewe tangaza uwezo tu.

Kujaribu: soma /sys/power/mem_sleep uone kama una s2idle (usingizi mwepesi) na deep (usingizi mzito), ujaribu zote mbili maana draiva inaweza kuamsha kwenye moja ikagoma kwenye nyingine. Laza kwa rtcwake -m mem -s 60, ili kitufe kikigoma saa ya RTC ikuamshe yenyewe na usilazimike kukata umeme. Ukiamka soma /sys/power/pm_wakeup_irq, kisha /sys/kernel/debug/wakeup_sources, tafuta kifaa chako uone hesabu zimepanda. Ukikuta active_since ya kifaa chako sio sifuri na hakuna aliyegusa kitu, rudi kwenye kodi, kuna njia ina pm_stay_awake() bila pm_relax().