Magurudumu ya Seneca yakigoma: tafuta kosa kabla ya kufungua pampu

Kwenye Piper Seneca (PA-34), ndege ndogo ya injini mbili, magurudumu yakigoma pampu ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi haina kosa. Mota ya umeme huizungusha isukume mafuta ya haidroliki: upande mmoja kupandisha magurudumu, upande wa pili kuyashusha. Yakiwa juu hayashikwi na ndoano yoyote: yamebebwa na presha tu, na swichi ya presha hukata mota ikifika karibu psi 1,800. Yakiwa chini, kila mguu hufungwa na ndoano yenye springi. Kwa hiyo mafuta hayo yakimwagika yote, magurudumu hushuka kwa uzito wake.

Rubani akilalamika kwamba taa moja ya kijani haiwaki, anza na taa yenyewe. Zile tatu zinafanana. Hamisha balbu ya jirani uone. Angalia pia swichi ya taa za dashibodi: ikiwashwa, taa za kijani hufifia, na mchana wa jua kali utaapa zimezimika. Balbu ikiwa nzima, nenda kwenye swichi ndogo ya kwenye ndoano, ambako tope na vumbi hujaa. Usiirekebishe swichi kabla hujahakikisha kwa macho na mkono kwamba ndoano imeingia mpaka mwisho. Anayesogeza swichi ili taa iwake anaweza kuwa anaficha mguu usiofungwa.

Mota ikikaa kimya, pima volti kwenye waya zake ndege ikiwa kwenye jeki, huku msaidizi akishusha na kupandisha swichi ya magurudumu. Umeme ukifika na mota haizunguki, mota imekufa. Usipofika, rudi nyuma: rilei, sakiti breka, swichi ya kwenye mguu wa kushoto inayozuia kupandisha ndege ikiwa ardhini. Mota ikinguruma lakini magurudumu hayasogei, shuku mafuta kupungua au vali ya dharura (inayoachia presha ili magurudumu yaanguke) iliyobaki wazi.

Kinachosumbua zaidi ni pampu kuwaka na kuzima yenyewe angani. Presha inavuja mahali. Angalia tangi, ambalo ni sehemu ya pampu na hufikiwa kupitia buti ya mbele. Mafuta yakipungua, yanatoka nje: fuata unyevu mwekundu kwenye mabomba na silinda zinazosukuma miguu. Yasipopungua, yanapita ndani, kwenye oringi (pete za mpira za kuziba) za silinda, vali ya dharura au vali za pampu.

Kulitenga kosa hilo, inua ndege kwa jeki kama kitabu cha matengenezo kinavyoelekeza, mkia ukifungiwa uzito wa kuushikilia, na tumia umeme wa nje, maana bateri ikichoka itakudanganya. Usimhukumu mguu unaoanza kulegea: silinda zote tatu zinashiriki laini moja ya kupandishia, hivyo mguu mzito au ulainishwao vizuri hutangulia hata kama uvujaji uko kwingine. Shusha magurudumu, toa presha, vuta breka ya pampu, kisha ziba mabomba ya silinda moja. Egemeza mguu wake, rudisha breka na upandishe mingine. Pampu ikitulia, umempata mkosaji. Isipotulia, rudisha na uende silinda inayofuata. Ukiziba zote tatu na presha bado inashuka, kosa ni vali ya dharura au pampu. Anza na vali: waya wa kivuta, kile kitasa anachovuta rubani kuifungua, ukiwa umebana, haifungi kabisa.

Oringi mpya zilowekwe kwenye mafuta yale yale ya mfumo, MIL-H-5606 mekundu. Mafuta ya breki za gari huvimbisha mpira wake, na Skydrol ya ndege kubwa pia. Baada ya kufunga, pandisha na kushusha mara kadhaa kuondoa hewa, kisha ongeza mafuta magurudumu yakiwa chini. Mikono isiingie kwenye tundu la gurudumu breka ya pampu ikiwa haijavutwa.

Malizia kwa jaribio la dharura: magurudumu yakiwa juu, weka swichi ya magurudumu chini na breka imevutwa, kisha vuta kivuta. Yote matatu lazima yaanguke na kujifunga bila kusukumwa. Mguu ukisita, bawaba zake zina grisi kavu au springi imelegea. Angani, kwa Seneca II, kivuta hicho huvutwa kasi ikiwa chini ya noti 85 (maili za baharini kwa saa), na kikishatumika kwa hitilafu ya kweli kiachwe nje mpaka ndege iwekwe tena kwenye jeki.