Kutengeneza mbolea ya maji kwa samadi, kwa bustani za udongo wa kichanga Tabora

Mkulima wa bustani wa Uyui, Nzega au Igunga mara nyingi hakosi samadi. Kinachomsumbua ni kichanga, ambacho hupitisha maji upesi na kuvizamisha virutubisho mahali ambapo mizizi haivifikii. Mbolea ya maji inafaa hapo, kwa kuwa virutubisho vyake vimekwisha kuyeyuka na vinaweza kutolewa kidogo kidogo kadiri mmea unavyovihitaji.

Tafuta pipa la plastiki la lita 200 ambalo halijawahi kuwekwa viuatilifu, uliweke kivulini. Tia kilo 40 hadi 50 za samadi mbichi ya ng'ombe kwenye gunia linalopitisha maji, weka jiwe ndani ili lisielee, lifunge mdomo, kisha ulining'inize kwa kamba kwenye mti uliolazwa juu ya pipa. Mimina maji, lakini usijaze hadi ukingoni, kwa sababu mchanganyiko utatoa povu. Ukiweza kukinga mkojo wa ng'ombe, ongeza lita tano. Humo mna sehemu kubwa ya potasiamu na naitrojeni nyingi, mali ambayo wengi wetu tunaiacha ipotelee kwenye sakafu ya zizi.

Kufunika ndiko ninakokusisitiza kuliko yote. Harufu kali inayochoma pua ni amonia, yaani ni naitrojeni inayotoroka hewani badala ya kungoja nyanya zako. Hata hivyo, mfuniko uwe umelegea, kwani gesi ikikosa njia inaweza kulipasua pipa. Majivu pia yasiingie humo: yana manufaa yake shambani, lakini ndani ya pipa huifukuza amonia.

Kila baada ya siku mbili au tatu, inua na kushusha gunia mara kadhaa, kisha koroga. Katika joto la Septemba na Oktoba wiki mbili zaweza kutosha. Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi, subiri wiki tatu au zaidi. Mbolea imeiva povu linapokoma, harufu ikapungua, na maji yakawa ya kahawia iliyokolea.

Changanya ndoo moja ya mbolea na ndoo mbili au tatu za maji safi. Ikiwa umetumia kinyesi cha kuku, ambacho ni kikali zaidi, punguza samadi kwa nusu na ongeza maji hadi ndoo tano. Mwagilia jioni, kwenye udongo wenye unyevu, kuzunguka shina. Katika kichanga, nusu lita kwa mche kila wiki ina faida kuliko lita mbili kwa mkupuo mmoja kila mwezi. Usiinyunyize kwenye majani ya mboga, hasa zinazoliwa mbichi, kwa sababu kuchachuka hakuui vimelea vyote, na nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kazi.

Masalia ya gunia yafukie kwenye lundo la mboji.